Mstari mweupe kwenye DVD ya Episode I: TV mbovu, CD feki, au mashabiki wanatuchanganya?

Swali: "Mjomba wangu aliporudi kutoka Uingereza alituletea DVD ya Star Wars: Episode I – The Phantom Menace, CD mbili ndani ya boksi lake. Miaka yote tumeitazama kwenye TV ya chogo bila shida. Sasa tumenunua TV bapa ya inchi 55, na naona mstari mweupe pembeni mwa watu, hasa wakiwa jangwani. Menyu nayo kila nikiweka CD inakuja tofauti. Shemeji yangu wa Iringa anasema hii ni feki, kwa sababu yale mashindano ya mbio za vyombo vya kasi ni marefu kuliko kwenye kanda aliyokuwa nayo zamani, na deki inaonyesha filamu ina dakika 130 wakati mtandaoni wameandika 136. Nimesoma maoni ya mashabiki nikachanganyikiwa zaidi: huyu anasema DVD hii ni bora kuliko zote, yule anasema ni takataka ninunue Blu-ray, mwingine anasema Blu-ray ndiyo iliyoharibiwa kabisa. Mimi ni mwalimu hapa Makambako, hela ya kuchezea sina. TV yangu ina tatizo? Ninunue nini?"

Jibu: Mwalimu, TV yako ni nzima na CD ya mjomba ni halisi. Hayo yasikunyime usingizi. Shemeji yako kaona sawasawa ila kahukumu vibaya, maana vitu anavyovitaja kuwa ushahidi wa ufeki ndivyo vinavyonionyesha mimi kwamba mjomba alinunua dukani.

Anza na menyu. Waliotengeneza DVD hiyo waliweka sura tatu za menyu, kila moja ya mahali pa kwenye filamu: moja ya sayari ya jangwa ya Tatooine, moja ya sayari ya Naboo, moja ya jiji la Coruscant, na deki hujichagulia mojawapo bila mpangilio kila unapoweka CD. Anayenakili kwa ajili ya kuuza hana muda wa kuhangaika na mambo hayo. Yeye kwa kawaida hutupa menyu zote akakuwekea filamu peke yake, na ukiwa na bahati mbaya namba yake ya simu inapita chini ya picha tangu mwanzo hadi mwisho.

Dakika zilizopotea nazo hazijapotea. Filamu ya sinema hukimbia kwa picha 24 kila sekunde. Mfumo wa TV wa Uingereza, PAL, ambao hata huku kwetu tumeutumia miaka mingi, unataka picha 25. Watengenezaji wa CD za PAL hawajazi ile picha moja inayopungua. Wanaiharakisha filamu nzima kidogo, asilimia 4 hivi. Chukua dakika zako 136, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25. Unapata 130 na nusu. Wewe ni mwalimu, kamfanyie shemeji hesabu hiyo ubaoni. Aliyeandika 136 anatazama toleo la Marekani, wewe unatazama la Uingereza, na hakuna hata neno moja lililokatwa.

Kuhusu mashindano kuwa marefu, hapa ndipo ugomvi wa mashabiki unapoanzia, kwa hiyo niende polepole. Filamu hii ilitoka kwenye majumba ya sinema Mei 1999, ikisimulia mambo yaliyotangulia zile filamu tatu za kwanza za Star Wars, za 1977, 1980 na 1983. Watu walikuwa wameisubiri miaka 16. Mwaka 2000 ikatoka kwenye kanda za VHS, na mashabiki wakachukia, maana wengi walikuwa wameshanunua deki za DVD na DVD yenyewe haipo. Ikaja kutoka Oktoba 2001, ikiwa ya kwanza katika mfululizo mzima kutolewa kwa DVD. Lakini George Lucas, mwongozaji na mwenye filamu, hakuitoa kama ilivyokuwa sinema. Aliongeza utambulisho wa washindani kabla ya mbio, akaongeza sehemu ya mzunguko wa pili wa mbio zenyewe, akaongeza na safari fupi ya teksi ya angani kule Coruscant. Filamu iliyokuwa na dakika 133 ikawa na 136.

Shemeji yako basi anakumbuka filamu ya 1999 iliyorekodiwa kwenye kanda, na wewe unayo ya 2001. Mmetazama filamu mbili zenye jina moja. Tena kanda nyingi za wakati ule zilikatwa pembeni ili zijaze kioo cha chogo, na filamu pana kama hii ikikatwa hivyo kinachobaki ni zaidi kidogo ya nusu ya upana wake. Ile mistari myeusi unayoiona juu na chini kwenye TV yako maana yake umepewa picha yote. Usiikuze kwa rimoti ili ijaze, utarudi kwenye kanda ya shemeji.

Sasa mstari mweupe.

Weka CD, nenda pale wanapotembea mchangani kuelekea mji wa Mos Espa, simamisha picha. Mtazame mtu yeyote anapokutana na mbingu ile angavu. Utaona ukingo wake umekuwa mweusi kupita kiasi, na nje yake kuna uzi mweupe umemzunguka kichwani na mabegani. Tazama na mstari ule ambapo mbingu inakutana na mchanga, utaona uzi uleule. Haukutokana na TV. Umo ndani ya CD, uliwekwa kiwandani, tena kwa makusudi.

Sababu ni hii. Mwaka 2001 karibu kila mtu alikuwa na chogo. Picha ya chogo kwa asili ni laini, kingo zake zinayeyuka. Ili picha ionekane kali, waliokuwa wanaandaa DVD walitumia kifaa kinachotafuta kila mahali ambapo giza linakutana na mwanga, kisha upande wa giza kinautia giza zaidi na upande wa mwanga kinautia mwanga zaidi. Hakuna undani mpya unaoongezeka, si nyuzi za nguo wala vinyweleo vya uso. Jicho ndilo linalodanganyika likadhani picha imekuwa kali. Ni kama wanja: ukimwona mtu kwa mbali macho yanang'aa, ukimsogelea unauona mstari wenyewe ulipopita.

Wewe ulisogea. Chogo chako, tuseme kilikuwa cha inchi 21, kiliufanya uzi huo kuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana, na ulaini wake ukaula. TV ya inchi 55 inaikuza picha ileile zaidi ya mara mbili na nusu kwa upana, haina ulaini wa kuficha kitu, na mbaya zaidi nayo ina kifaa chake cha kukazia kingo ambacho hutoka kiwandani kimeshawashwa. Kwa hiyo unaona wanja juu ya wanja. DVD nyingi za miaka ile zilipakwa, ila hii ya Episode I ilipakwa kwa mkono mzito, na ndiyo maana inatajwa sana kila watu wanapozungumzia tatizo hili.

Hapo utaona kwa nini wale mashabiki wawili wa mwanzo wanapingana na wote wanasema kweli. Aliyeisifu aliitazama kwenye chogo. Alikuwa ametoka kwenye kanda, akakutana na picha safi, sauti ya njia sita, na CD ya pili iliyojaa. Aliyeiponda aliitazama kwenye kioo kikubwa, kama wewe sasa. Nikisoma sifa au lawama za CD yoyote, natafuta kwanza mambo mawili: ni toleo la mwaka gani, na limetazamwa kwenye TV ya aina gani. Maoni yasiyosema hayo nayapita hata kama yameandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna na kundi la tatu, ambalo haliongelei CD kabisa. Hao wanaichukia filamu yenyewe: wanamchukia Jar Jar Binks, yule mhusika wa kuchekesha, wanachukia mijadala ya kodi za biashara, wanachukia yale maelezo ya midi-chlorians, vijidudu vya kwenye damu vinavyodaiwa kumpa mtu nguvu za ajabu. Wanaipa DVD nyota moja kwa hasira ya hadithi. Hiyo ni haki yao, lakini haikusaidii kujua kama picha ni nzuri. Na wapo waliofanya kinyume chake, wakasema filamu ni mbovu lakini DVD yake ni ya kuigwa. Mimi nipo karibu na hao, ingawa hadithi yenyewe siichukii kiasi hicho, na watoto huwa hawaichukii hata kidogo.

Sababu yangu ni ile CD ya pili. Kama hamjawahi kuiweka, iwekeni leo. Kuna vipande saba vilivyokatwa, na kampuni ya Lucas ilirudi kuvimalizia michoro ya kompyuta kwa ajili ya DVD tu, jambo ambalo lilikuwa geni. Halafu kuna filamu ya hali halisi ya saa moja hivi, inaitwa The Beginning. Haina msimulizi. Kamera inawafuata tu watu wakifanya kazi. Kuna mahali Lucas na wenzake wamemaliza kuitazama filamu kwa mara ya kwanza ikiwa bado haijakamilika, na nyuso zao zinasema yote. Mtaalamu wa sauti, Ben Burtt, anaeleza kwa upole kwamba mambo mengi mno yanatokea kwa wakati mmoja kule mwishoni, na Lucas mwenyewe anakiri kwamba huenda mahali fulani amepitiliza. Kampuni iliyotaka kujisifia tu ingekata kipande hicho. Kwa hiyo hata ukinunua toleo jingine lolote, hii ya mjomba usiiuze wala kuigawa.

Tuje kwenye Blu-ray, ile aina ya CD iliyokuja baada ya DVD. Ya filamu hii ilitoka Septemba 2011. Kwa hesabu tupu haina mshindani: DVD yako ina nukta 720 kwa 576, Blu-ray ina 1920 kwa 1080, yaani mara 5 kamili. Ule uzi mweupe haupo kwa kiwango kile, na picha inaonyesha zaidi pembeni kuliko DVD. Lakini walibadilisha vitu. Yoda, yule mzee mdogo wa kijani, mwaka 1999 alikuwa mdoli, karibu kila anapoonekana, akichezeshwa kwa mkono na Frank Oz. Kwenye Blu-ray wamemwondoa wakaweka wa kompyuta ili afanane na yule wa filamu zilizofuata. Wengine wanashukuru, maana mdoli yule alikuwa na sura ya ajabu. Wengine wanaona wameibiwa. Na hakuna kitufe cha kumrudisha.

Lawama kubwa zaidi ni ya nyuso. Filamu hii, isipokuwa vipande vichache, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35, na mkanda una chembechembe zake zinazocheza juu ya picha. Anayetaka picha "safi" huzipitishia programu ya kuzifuta. Shida ni kwamba programu haijui kutofautisha chembe ya mkanda na kitundu cha ngozi, ikafuta vyote. Matokeo yake mashavu ya Qui-Gon, yule mzee shujaa wa filamu, yanateleza kama nta. Huyo ndiye shabiki wako wa tatu, anayesema Blu-ray imeharibiwa. Anakuza mambo, lakini hajayatunga. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye inchi 55, nadhani utafurahia picha kuliko utakavyoudhika na nta.

Toleo la 4K, lenye nukta nyingi kuliko Blu-ray ya kawaida, lilitoka 2020, na hapa sisiti: usitumie hela yako huko kwa ajili ya filamu hii. Michoro ya kompyuta, ambayo imejaa karibu kila picha, ilitengenezwa kwa ukubwa wa 2K, ulio karibu sawa na wa Blu-ray. Kuiita 4K ni kuikuza tu. Rangi zimeboreka, nta imebaki, na utahitaji deki nyingine kabisa ya kuichezesha.

Kwa hiyo nikuambie nilivyoona njia yako, kuanzia isiyo na gharama. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV. Aina ya picha iweke Movie au Cinema, uachane na ile inayong'aa kama ya dukani. Kisha tafuta kipimo kilichoandikwa Sharpness ukishushe hadi sifuri, au karibu na sifuri. Watu wengi hudhani sifuri ni kuiharibu picha. Kwenye TV nyingi sifuri ni kuiacha kama ilivyo. Rudi pale jangwani, simamisha tena. Uzi hautaisha, ila utapungua hadi usiukumbuke filamu ikiendelea. Kama deki yako imeunganishwa kwa zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, na nyuma ina tundu la HDMI, nunua waya wa HDMI. Hiyo peke yake itabadilisha picha kuliko ushauri wote wa mtandaoni. Na kama maneno ya watu hayasikiki huku milipuko inatikisa sabufa, ingia kwenye sauti za deki uchague ya njia mbili; mazungumzo yalikuwa yamepelekwa kwenye spika ya katikati ambayo wewe huna.

Ukishafanya hayo na bado unatamani zaidi, usikimbilie kununua deki ya Blu-ray. Uliza kijana yeyote mwenye PlayStation 3, au PlayStation 4, aje nayo nyumbani siku moja. Zote zinasoma Blu-ray. Azima au nunua CD moja ya filamu yoyote ya Blu-ray, uilinganishe kwenye TV yako mwenyewe, kwenye kiti chako mwenyewe. Ukiona tofauti inayokugusa, basi nunua. Angalia boksi lina herufi B, ambayo ndiyo ya Afrika na Ulaya. Ya Marekani ni A na inaweza kukataa kwenye deki ya huku. DVD ya mjomba ni ya eneo namba 2 wakati Tanzania tumewekwa namba 5, lakini deki nyingi zinazouzwa kwetu hazijali namba hizo, na yako imeshathibitisha hilo. Filamu za kwenye flashi zilizoandikwa HD siziweki kwenye hesabu. Mbali na kuwa za wizi, nyingi zimebanwa hadi usiku wa angani umekuwa vigae vyeusi.

Kuna hali ambazo maelezo yangu hayatoshi, itabidi uende kwa fundi. Jipime kwa jambo hili moja. CD yako ina matabaka mawili, na mahali fulani katikati ya filamu jicho la deki linaacha tabaka la kwanza na kurukia la pili. Picha ikisita hapo chini ya sekunde moja, ni kawaida. Ikiganda moja kwa moja, au ikavunjika vigae kila inapofika hapohapo, geuza CD uitazame: kama haina mkwaruzo wala doa, jicho la deki limechoka au limeshika vumbi. Kwa baridi ya huko Makambako, deki iliyolala chumba baridi ikaletwa sebuleni kwenye jiko la mkaa inaweza pia kushika unyevu kwenye lenzi. Iache ikae nusu saa kabla ya kuiwasha ndipo uilaumu. Usiingize CD za kusafishia zenye brashi, na CD yenyewe ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha.

Chogo cha zamani, kama bado kipo stoo na kuna kijana nyumbani anayetaka kukifungua atoe spika, mkataze. Kile kioo kinaweza kushika umeme mkali hata kikiwa kimechomolewa, na hiyo ni kazi ya fundi peke yake.

Na ukienda kwa fundi, iwe hapo mjini au huku Mbeya, beba CD ileile inayoganda pamoja na deki. Ukipeleka deki peke yake ataweka CD yake ya nyimbo, ambayo ina tabaka moja, itaimba vizuri kabisa, atakuambia deki ni nzima, na utakuwa umelipa nauli ya bure.